Kalibu ya maji ya .257 Ackley: miezi minane, maganda 118

Naishi Boise, Idaho, mwaka wa kumi na moja sasa. Kazi yangu ni lori, nyumbani ni Babati. Kila Oktoba nikipata kibali huwa napanda milimani kutafuta kulungu, na bunduki ninayobeba ni ya .257 Roberts ambayo chemba yake, yaani nafasi risasi inapokaa nyuma ya mtutu, imechimbwa upya kuwa Ackley Improved. Risasi yake haipo dukani, lazima uitengeneze mwenyewe, na kabla ya risasi lazima uwe na ganda, yaani kile kikopo cha shaba kinachobeba baruti. Hapo ndipo kalibu hii, inayolipa ganda umbo kwa nguvu ya maji, inapoingia.

Kwa asiyeijua kazi hii: P.O. Ackley alikuwa fundi bunduki wa Marekani, aliyefundisha ufundi huo Trinidad, Colorado, akafariki 1989. Alikuwa akichukua risasi ya kawaida, ananyoosha kiwiliwili cha ganda lake kisichongoke sana kuelekea mbele, kisha anasimamisha bega, pale linapobanwa kuwa shingo, mpaka nyuzi 40. Ganda linabeba baruti zaidi kidogo, na linarefuka polepole kila linapotumika, kwa hiyo hulikati mara kwa mara. Wamarekani huziita risasi za namna hii paka-mwitu, kwa sababu hazina kiwanda kinachozimiliki. Hata .257 Roberts yenyewe ilikuwa paka-mwitu wa Ned Roberts, mpaka kampuni ya Remington ilipoiingiza sokoni mwaka 1934. Na mama yake ni 7x57 ya Mauser, ile ile ambayo Waingereza waliiita .275 Rigby na ambayo mwindaji Bell aliwindia tembo Karamoja, Uganda. Ukoo huu naupenda, sifichi.

Sasa, kuligeuza ganda la kawaida liwe la Ackley kuna njia ya kawaida: unatia risasi ya dukani kwenye chemba mpya, unafyatua, moto unalisukuma ganda mpaka linajaa. Inafanya kazi. Lakini kila ganda limekula fataki (kile kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti), baruti, kichwa cha risasi na maisha ya mtutu kabla hujapata chochote cha kuwindia. Njia ya pili ni baruti chache ya bastola, juu yake ngano ya uji, na karatasi laini ya kuziba mdomo, bila kichwa cha risasi. Nayo nimeifanya. Ni chafu, ina kelele, na bado lazima niendeshe dakika arobaini mpaka uwanja wa shabaha.

Kalibu ya maji haihitaji baruti wala uwanja. Ni bomba nene la chuma lililochongwa ndani kwa umbo la chemba yako, lina kikombe cha kushikilia kitako cha ganda, na pistoni inayoingia shingoni bila nafasi. Naiacha fataki iliyokwisha kupasuka mahali pake ili izibe tundu. Najaza ganda maji mpaka yafurike mdomoni, naliingiza, naweka pistoni, napiga kwa nyundo. Maji hayabanwi. Yanakosa pa kwenda, yanalisukuma ganda kwenye ukuta. Pigo la kwanza linalia butu, la pili linabadilika, na la tatu likitoa mlio mkavu wa chuma kwa chuma, limekwisha. Unalitoa lina bega. Mara ya kwanza nilibaki nimelishika kwenye mwanga wa dirisha kwa muda, nalizungusha. Dakika moja na nusu tu iliyopita lilikuwa na mteremko wa kawaida.

Usidanganyike kwamba limekamilika. Kwa kalipa yangu, ganda la Roberts lina upana wa milimita 10.9 pale begani. Likitoka kwenye maji linafika 11.4, na likishafyatuliwa mara moja kwenye bunduki yangu linakuwa 11.5. Kona za bega zinatoka na uduara, hazina makali. Ule mfyatuo wa kwanza wa kweli ndio unaozimalizia, na kwa kuwa ganda limekwishafika karibu, mfyatuo huo naufanya na risasi ya kuwindia na shabaha yake inatosha kabisa kwa kulungu. Kipimo cha baruti naanzia chini kabisa kwenye jedwali la Ackley lenyewe, la risasi hii hii, wala sichukui kipimo cha mama yake wala cha jirani.

Kati ya maganda 118 niliyofanya nimepoteza 5. Matatu yalipasuka shingoni siku ya kwanza, yote ya zamani, yaliyokwishatumika mara nyingi, na shaba yake ilikuwa imekakamaa. Tangu nianze kulainisha shingo kwa moto kwanza, hakuna lililopasuka tena. Mawili mengine niliyaharibu kwa kupiga kabla pistoni haijakaa wima. Hapo ndipo lawama yangu ya kwanza kwa mtengenezaji: pistoni ni fupi mno kwa mkono wa mtu mzima, na karatasi ya maelekezo ina aya mbili tu. Lawama ya pili ni kusubiri. Nililipa dola 140 na ushee, nikangoja wiki kumi.

Maji nayo yanataka nidhamu. Yanaruka mpaka usoni, kwa hiyo vaa miwani na weka taulo mezani. Fataki kuukuu zing'oe siku hiyo hiyo, maana maji hujificha nyuma yake. Mimi huyasimamisha maganda mdomo chini juu ya taulo karibu na hita, siku mbili nzima, na sigusi baruti mpaka nimelichungulia kila moja kwa tochi.

Lakini kuna jambo ambalo kalibu hii haiwezi kulitibu, na nimelilipia. Fundi wa kwanza aliyechimba chemba yangu aliichimba ndani kupita kiasi. Chemba ya Ackley ya jadi inatakiwa iwe fupi kuliko ya risasi mama kwa sehemu nne kati ya elfu za inchi, yaani kama sehemu ya kumi ya milimita. Ufupi huo ndio siri yote. Ukifunga bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya chemba, unahisi ugumu kidogo, kwa sababu ganda limebanwa kati ya uso wa bolti na pale shingo inapokutana na bega. Likifyatuliwa halina nafasi ya kwenda mbele, linatanuka kwa upana tu. Yangu ilifunga laini kama kabati. Nikafurahia ulaini ule.

Jirani yangu, Mkongo wa Uvira, ndiye aliyeona. Alikuwa ameketi gereji kwangu akichambua maganda yaliyotumika, akanyanyua moja. "Kaka, hii pete inang'aa hapa chini ni ya nini?" Juu kidogo ya kitako palikuwa na mstari mwembamba, mweupe kuliko shaba yote. Nikanyoosha waya, nikaukunja ncha kama ndoana, nikaupitisha ndani ukikwaruza ukuta. Penye pete ukadumbukia kwenye mtaro. Shaba ilikuwa imevutwa ikawa nyembamba; mfyatuo mmoja au miwili zaidi, kitako kingetengana na kiwiliwili, na gesi ya moto ingetafuta njia ya kurudi nyuma, kwenye uso wangu. Maganda yote 20 tuliyaponda kwa nyundo siku ile ile.

Kwa fundi wa kwanza sikurudi. Wa pili alifungua mtutu, akaurudisha nyuma, akachimba upya, na hakunikabidhi bunduki mpaka nifunge bolti mwenyewe juu ya geji, kipimo cha chuma cha urefu wa chemba, na niuhisi ule ugumu mkononi. Hapo ndipo nilipoagiza kalibu, na kama ningeiagiza kabla ya hapo, ningekuwa na umbo sahihi ndani ya chuma na makosa ndani ya mtutu.

Kwa mwenye bunduki moja anayetaka maganda 20, siishauri. Nunua risasi za dukani, fyatua, umemaliza. Lakini .257 Roberts huku inapotea rafuni miezi mizima, na mimi huanza na maganda ya 7x57, nabana shingo kidogo kidogo, najaribu kwenye bolti, nabana tena, mpaka nihisi ugumu ule. Kwa kazi hiyo kalibu ya maji imeniokolea risasi mia na zaidi, na mtutu uliochimbwa mara mbili hauhitaji kazi ya bure.

Ukiagiza, usitume jina la risasi peke yake. Tuma maganda matatu yaliyofyatuliwa kwenye bunduki yako yenyewe, bila kuyapitisha kwenye kalibu yoyote, pamoja na mchoro wa rima, yaani kichimbio cha chemba, aliyotumia fundi. Na kabla ya kuyafunga kwenye bahasha, pitisha waya ndani ya kila moja.