Emacs: nyota nne kati ya tano, ile moja nimeikata kwa ajili ya pambizo

Mimi sio programa jamani, mimi natafsiri, kutwa nzima naangalia maandishi marefu, sasa mwaka wa tatu niko na Emacs, programu ya kuandikia na kuhariri maandishi, na siachi. Ila mwanzoni kuna kitu kilinila jioni nzima na naona wengi wanakwama hapo hapo, halafu wanasema programu mbovu wanarudi walikotoka.

Nilitaka maandishi yakae katikati ya skrini, pembeni pabaki peupe kama ukurasa wa kitabu. Nikabonyeza M-: (Alt pamoja na :, pale unapoiandikia Emacs amri) nikaandika (setq left-margin-width 20), yaani pambizo la kushoto liwe 20, enter. Inanijibu 20 vizuri tu ila kwenye skrini hamna kitu, nikarudia, nikaweka 40, wapi. Nikahama kwenda faili lingine kucheki kitu, narudi nakuta pambizo hilooo limejaa tele, nusu ya dirisha limeliwa. Nikajua mashine ina jini.

Kumbe imeandikwa kabisa kwenye manyuo yake, mi ndo sikusoma. Setingi za pambizo, na zile za fringe (kile kijistari chembamba cha pembeni) na skrolba, Emacs haiziangalii muda wote, inaziangalia pale bafa (yale maandishi uliyoyafungua) inapowekwa kwenye dirisha (sehemu ya skrini inayoyaonyesha). Ukibadilisha wakati bafa tayari iko mbele yako, thamani imeingia ila dirisha halina habari. Dawa ni kuiweka upya palepale: (set-window-buffer nil (current-buffer)), basi, inatii. Na ndo maana ukiweka hiyo setq kwenye text-mode-hook (orodha ya vitu vya kufanya kila faili la maandishi likifunguliwa) faili linafunguka na pambizo lake bila shida, kwa sababu huku inasetiwa kabla bafa haijafika dirishani.

Kuna set-window-margins pia, hii inafanya kazi hapo hapo, ila ni ya dirisha sio ya bafa, ukifungua kitu kingine humo imekwenda.

Kinachokera ni kwamba sio setingi zote ziko hivyo. line-spacing (nafasi kati ya mistari), cursor-type (umbo la kasa), display-line-numbers (namba za mistari, hii ipo tangu toleo la 26), ukigusa tu unaona. Kwa hiyo umeshazoea kuona mabadiliko papo hapo halafu moja inakugomea kimya kimya, hata onyo hamna. Alafu hizi za pambizo kila bafa ina yake, ukiandika setq kwenye init.el (faili la setingi linalosomwa Emacs ikiwaka) inaishia kwenye bafa moja tu iliyokuwepo wakati ule, unayoitaka ni setq-default.

Vitu kama menu-bar-mode (ile menyu ya juu) navyo usivipe nil (yaani "hapana") kwa setq ukategemea, iite kama amri, (menu-bar-mode -1). Toleo la 29 la 2023 wameleta setopt, hiyo ukibadilisha setingi inaendesha na ile kazi (function) iliyofungwa nayo, kwa hiyo zile zenye kazi yake zinakubali, ila pambizo bado mpaka bafa iwekwe upya.

Wenye kuwasha kwa --daemon (Emacs inakaa nyuma ikisubiri bila dirisha) nao wana yao, fonti waliyoiweka kwa set-frame-font haionekani, maana init inasomwa wakati dirisha lenyewe la nje bado halijazaliwa. Weka kwenye default-frame-alist (setingi za kila dirisha la nje linalofunguka), na ukiiweka ndani ya early-init.el (faili linalosomwa kabla ya init.el, kuanzia toleo la 27) hata wasiotumia daemon dirisha linatokea limeshavaa, halirukiruki likifunguka.

VS Code (programu nyingine ya kuhariri) ukisevu setingi nyingi zinakubali hapo hapo, na zinazotaka kuwasha upya kama window.titleBarStyle inakuambia. Hapo Emacs imezidiwa, nasema wazi.

Kwa mengine yote siihami. Sasa hivi F8 yangu inaweka pambizo 20 kila upande na inaita set-window-buffer yenyewe, nabonyeza naendelea na kazi.