Maua ya Ndani Kwenye Nyumba Yenye Paka na Mbwa: Hili Nalisifu, Yale Yatoke

Haya jamani, karibuni tena. Kama ni mgeni, hapa tunachambua vitu vya nyumbani na hatumbembelezi muuzaji. Na kabla hamjaniuliza, ndiyo, maiki ni mpya. Zile komenti za "hatusikii, hatusikii" sasa zipumzike.

Leo ni maua ya ndani, lakini nazungumza na wewe mwenye paka anayetafuna kila kinachoning'inia, au mbwa anayefukua chungu ukimpa kisogo tu. Na wewe huyohuyo huna muda wa kuubembeleza mmea. Unataka ua lipendeze, lisife ukisahau kulimwagilia, na lisimdhuru mnyama wako. Ni mambo matatu tu, na yanaonekana mepesi. Ngoja nikuudhi kidogo.

Nenda popote wanapouza maua, useme, "Nipe ua gumu, lisilosumbua." Utapewa Zamioculcas, hii hapa yenye majani manene yanayong'aa. Usipopewa hiyo, ni sansevieria, au pothos, au dracaena. Ugumu yanao kweli, hilo silibishi, unasafiri unarudi unayakuta yamesimama. Ila yote manne ni sumu kwa paka na mbwa. Yote! Hapo ndipo ninapochoka, kwa sababu muuzaji hakuulizi hata nyumbani una nini. Na wenzangu wenye chaneli za maua nao kila mwezi wanatoa video, "maua kumi yasiyokufa", ukitazama saba ni haya haya, halafu paka anapita nyuma ya kamera! Jamani.

Zamioculcas na pothos, pamoja na monstera, philodendron na dieffenbachia, ndani yake zina fuwele ndogo za kalsiamu oksaleti, zimechongoka. Mnyama akitafuna jani, zinamchoma ulimi, fizi na koo. Utamwona anadondosha udenda, anajipangusa mdomo kwa mguu, anatapika, chakula hataki. Mara nyingi hafi, lakini atapata tabu. Sansevieria na dracaena zenyewe zina kemikali ziitwazo saponini, na hizo ni habari ya kutapika na kuharisha. Halafu usishangae kibandiko cha sansevieria kikiandikwa Dracaena trifasciata. Mwaka 2017 wataalamu waliihamishia kwenye kundi la Dracaena, ni mmea uleule, sumu ileile.

Sasa kuna mawili ambayo hayo sitaki kuyasikia kabisa. La kwanza ni lili, zile za jenasi ya Lilium na Hemerocallis, kama una paka. Hapa siongelei tumbo kuuma, naongelea figo kufa. Si lazima ale ua zima: akijilamba chavua iliyomwangukia kwenye manyoya, au akinywa maji ya chombo ulichowekea maua, inatosha kumuua. Kwa hiyo ukiletewa shada la maua ya zawadi, shukuru, kisha lichambue kabla halijafika mezani. La pili ni Cycas revoluta, ile inayouzwa kama mnazi mdogo wa mapambo. Si mnazi wala mchikichi, ni sikadi, mmea wa ukoo mwingine kabisa, ina sumu inaitwa sikasini inayoharibu ini, na mbegu zake ndizo mbaya zaidi. Mbwa wanapenda kuzitafuna. Ukigusa majani yake utaitambua: ni makavu, magumu, ncha zake zinachoma kidole. Michikichi halisi ya ndani mara nyingi majani yake ni laini. Ukiwa na shaka sokoni, gusa.

Basi, tuache hasira. Sogeza kamera hapa. Hapa hapa, karibu.

Hii inaitwa Aspidistra elatior. Asili yake ni visiwa vya kusini mwa Japani, na Waingereza wa karne ya 19 waliipenda kupita kiasi, kwa sababu nyumba zao zilikuwa na giza na moshi wa taa za gesi, maua mengine yanakufa, hii inadumu. Mwanga na maji sitarudia, mmeshanisikia nikisema hadi mmechoka: isipigwe na jua moja kwa moja, itaungua, na usiizamishe maji. Basi. Mimi nataka mlione jani.

Angalieni. Jani moja linaweza kufika nusu mita hivi, na kila jani linatoka udongoni peke yake, na kikonyo chake. Hakuna shina la kuvunjika. Sasa nalikunja... mmeona? Nalikunja namna hii, naliachia, linarudi. Nalivuta. Halichaniki kirahisi. Sasa mlete Kisirani. Ndiyo, paka wangu anaitwa Kisirani, na jina hakupewa bure. Haya, mama, tafuna. Huyo! Sikilizeni... mmesikia hicho kimlio? Anajaribu na meno ya pembeni, anageuza kichwa, anajaribu tena. Ameacha. Sasa sogeza kamera pale alipouma. Matundu madogo manne matano, basi, jani zima. Wiki ijayo hayo matundu yatakuwa na ukingo wa kahawia, na jani litaendelea na maisha yake. Likinikera nalifuata hadi chini kabisa, nalikata kwa mkasi kwenye udongo, na hakuna atakayejua lilikuwepo. Ua lenyewe halina sumu kwa paka wala mbwa. Hicho ndicho ninachokilipia mimi.

Na vumbi, hapa ndipo watu wanapokosea. Jani pana linakusanya vumbi, ukiliacha linafubaa unadhani mmea unaumwa. Kitambaa chenye unyevu, si cha kuchuruzika. Kiganja cha mkono mmoja chini ya jani, hivi, kulishikilia. Mkono mwingine unapangusa kuanzia kwenye kikonyo kwenda nchani. Taratibu. Tazama rangi inavyorudi, upande huu umepanguswa, upande huu bado. Eti kuna watu wanapaka mafuta ya kupikia ing'ae. Usipake! Mafuta yanashika vumbi zaidi, na sasa umempa paka sababu ya kulamba.

Kumwagilia: kidole hadi kiungo cha pili. Udongo ukiwa bado una unyevu, toa kidole, nenda kafanye mambo mengine.

Ubaya wake? Inakua polepole mno, na ndiyo maana ni ghali. Mkulima ameilea muda mrefu kabla hujaiona, na muuzaji ataidai. Unaweza kununua pothos kadhaa kwa bei ya hii moja. Mwanzoni nilikuwa nataka kuwaambia bei si tatizo, lakini nikifikiri vizuri, kwa mtu anayeanza ni tatizo. Kwa hiyo ngoja niwape ya bei nafuu.

Chlorophytum comosum, mmea wa buibui. Sikuwa na mpango wa kuusifu leo, kila mtu anao, umezoeleka. Lakini hauna sumu, unavumilia, na unajizalia wenyewe: hivi vitoto vinavyoning'inia unavikata, unaviweka kwenye maji, vinatoa mizizi, unagawa kwa jirani. Tatizo ni hilohilo la kuning'inia. Kwa paka hiyo ni midoli. Akila majani mengi atatapika kidogo, si sumu, ni nyasi tumboni. Utundike juu, mbali na mahali anaporukia. Ncha zikiwa za kahawia, mara nyingi ni chumvi na floraidi za maji ya bomba au mbolea imezidi, kata ncha, badilisha maji. Sawa, naubadilishia nafasi: kwa mwenye mfuko mwembamba huu ni namba moja. Aspidistra isinisikie.

Nikiwa hapo hapo, naomba tuache hii hadithi ya "ua linasafisha hewa". Inatoka kwenye utafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, wa mwaka 1989, na ule walifanya ndani ya visanduku vilivyofungwa, si sebuleni kwako. Mwaka 2019 watafiti walirudi kupiga hesabu za majaribio ya namna hiyo, wakaona ungehitaji mimea kuanzia 10 hadi 1000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu ili kulingana na hewa inayopita yenyewe kwenye jengo. Sasa hapo utalala wapi? Fungua dirisha. Muuzaji akikuongezea bei kwa sababu ya "oksijeni", ondoka.

Mengine haraka. Chamaedorea elegans, mchikichi mdogo wa ndani, salama, unavumilia kona yenye mwanga hafifu, majani laini. Haworthia, hiyo chukua badala ya aloe vera kama unapenda mimea ya minofu, yaani yenye majani manene yanayotunza maji, maana shubiri kwa mbwa na paka inaleta kutapika na kuharisha, hata kama kwako ni dawa. Hoya, salama, majani manene, ukiisahau haikununii. Calathea ni salama na ni nzuri kuliko zote nilizotaja, lakini hewa ikikauka tu inakunja majani na kuungua pembeni. Mimi tumeachana. Na ile violeti ya Kiafrika, ambayo asili yake ni milima ya Usambara na maeneo jirani ya Tanzania na Kenya, ni salama na inachanua ndani ya nyumba, ila inataka kuangaliwa zaidi kidogo, mwagilia chini, majani yasilowe maji baridi.

Mtu atauliza kwenye komenti, "Kama halina sumu, basi aache tu ale?" Hapana. Mmea unaweza kuwa salama na mbolea yake isiwe. Mbolea ya unga wa mifupa inamvutia mbwa, anafukua hadi kwenye mizizi. Yale maji yanayobaki kwenye kisahani yamwage. Juu ya udongo panga mawe makubwa, yasiyoingia mdomoni, paka naye ataacha kugeuza chungu choo. Na akila kitu usichokijua, toa mabaki mdomoni, usimtapishe mwenyewe, chukua jani au piga picha ya mmea mzima, nenda kwa daktari wa mifugo. Daktari akijua jina la mmea anaanza kazi mara moja. Kwa hiyo andika jina la kisayansi kwenye chungu, kwa kalamu isiyofutika. Orodha ya kulinganisha ipo bure kwenye tovuti ya ASPCA, shirika la kutetea wanyama la Marekani, tafuta kwa jina hilo hilo la kisayansi, si la sokoni.

Video ijayo ni udongo wa vyungu, mmeiomba sana, na nitavunja mfuko mmoja baada ya mwingine tuone ndani kuna nini. Kama una mmea hujui jina lake, andika kwenye komenti jani likoje, ni laini au gumu, linatoka kwenye shina au udongoni, nitajibu. Kengele ipo hapo chini. Kisirani, shuka mezani! Hiyo ni Zamioculcas, hiyo niliileta kwa ajili ya video tu, inaondoka sasa hivi. Haya, kwaherini.