Chai imemwagikia laptopu: mchele au fundi?

Kwanza izime papo hapo, chomoa chaja, igeuze kibodi itazame chini. Hapo ndipo wengi hukimbilia kuifukia kwenye gunia la mchele, wakiamini utafyonza maji. Maji yaliyojipenyeza chini ya kibodi mchele hauyafikii. Utakachopata ni vumbi na chenga kwenye matundu ya USB. Faida yake moja: unakuzuia usiiwashe mapema.

Fundi hufungua mfuniko wa chini, hutenganisha betri, kisha husugua bodi (bamba la saketi lililo ndani) kwa mswaki laini na alkoholi ya isopropili, spiriti ya kusafishia, ya asilimia 90 au zaidi. Atakutoza, ndiyo. Ila chai ya maziwa haikauki ikaisha: sukari hubaki inanata, na viungio vya shaba huanza kuota kutu ya kijani. Yakiwa maji matupu, kuianika siku mbili naweza kukuelewa. Chai au soda, nenda kwa fundi leo leo.