Kamera ya Kupandisha Kwenye Roketi Yako: Ununue Ipi Nairobi?

Kabla ya kuteremka Luthuli Avenue kuulizia bei, iweke roketi yako ndogo ya mfano kwenye mizani ya jikoni, parachuti na injini vikiwa ndani. Uzito ndio unaochagua kamera. Ubora wa picha unafuata. Injini ya C6-3 ya kampuni ya Estes inapendekezwa kurusha gramu 113 tu, injini yenyewe ikihesabiwa humo. Roketi ya kadibodi ikifika gramu 85, umebakiwa na 28. Ukihamia injini kubwa zaidi, D12-5, kikomo ni gramu 283, na hapo unapumua.

Namba moja kwangu ni kamera ya Mobius. Ina takriban gramu 40, kwa hiyo ni ya D12, usijaribu kuipandisha kwa C6. Nimeiweka juu kwa sababu betri, kadi na kitufe vyote vimo kwenye kiboksi kimoja: unawasha, unaifunga kwa utepe, unarusha. Inarekodi 1080p.

Ya pili, na ya kwanza kwa mwenye C6, ni RunCam Thumb: gramu 9.8. Haina betri yake, kwa hiyo utalehemu nyaya na kuongeza betri ndogo, ambayo nayo lazima uipime. Usumbufu huo unalipa, maana inahifadhi pia data za mtikisiko, na programu ya Gyroflow itakutulizia video baadaye kwenye kompyuta.

Ya tatu ni kile kikamera cha mchemraba, SQ11. Ni chepesi, na hakitakuumiza sana kikipotea. Ila usiamini 1080p iliyoandikwa kwenye boksi. Mwombe muuzaji arekodi dakika moja huku wewe ukikizungusha haraka, kisha muitazame video kwenye kompyuta palepale dukani. Kamera hizi husoma picha mstari kwa mstari, na roketi inayozunguka hupindisha kila kitu. Halafu rekodi tena na uizime ghafla: kama faili haifunguki, irudishe. Roketi ikitua kwa kishindo umeme ukakatika, faili ambayo haijafungwa ndiyo yenye safari yako yote.

Insta360 GO 2 ina gramu 26.5 na picha nzuri kuliko zote hapa. Hata hivyo siinunui kwa kazi hii. Upepo ukiipeleka parachuti shambani kwa mtu, umepoteza pesa nyingi mno. GoPro ya kawaida ni nzito, iachie kofia ya pikipiki.

Yoyote utakayochukua, ifunge karibu na pua ya roketi. Uzito ukikaa chini karibu na mapezi, roketi hukosa uthabiti na inaweza kugeukia watu. Andika nambari yako ya simu kwenye kamera. Na kwa kuwa anga letu lina ndege za viwanja vya Wilson na JKIA, zungumza kwanza na Mamlaka ya Usafiri wa Angani kuhusu mahali pa kurushia.