His Girl Friday kwenye DVD ya bei chee: mbio juu ya mbio

Nyota moja. Si kwa filamu, ni kwa aliyeitia kwenye diski.

Filamu hii ya mwongozaji Howard Hawks ya 1940 ina dakika 92. Diski yangu inaishia dakika ya 88 na hakuna kilichokatwa: fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde zimeendeshwa 25 ili zilingane na PAL, mfumo wa televisheni zetu za enzi ya analojia. Kwenye filamu nyingine ungesamehe. Hapa Cary Grant na Rosalind Russell tayari wanaongea kama cherehani, huyu hajamaliza yule keshadakia, halafu mtu anakuja kuongeza asilimia nne! Sauti nazo zimepanda, Grant kawa kijana wa kwaya.

Maandishi ya chini ndiyo balaa. Yalipimwa kwa fremu 24, kwa hiyo yanaanza sawa, na kufikia mwisho yamechelewa dakika tatu na ushee. Hildy, mwandishi wa habari anayechezwa na Russell, anapiga taipu, wewe unasoma maneno ya simu iliyokwishakatwa. Kuyasogeza sekunde kadhaa hakufai kitu, pengo linakua. Hamishia filamu kwenye kompyuta, tafuta faili la maandishi, zidisha nyakati zote kwa 0.96. Kwa sauti, cheza filamu nzima kwa mwendo 0.96 na uzime kile kipengele cha programu kinachoizuia sauti isishuke. Picha ikiwa imevutwa, rudisha umbo la 4:3.

Muuzaji kanijibu, "Za zamani ndivyo zilivyo, bosi." Sivyo! Hakimiliki yake Marekani haikuhuishwa, ndiyo maana kila mwenye mashine anafyatua nakala ya nakala. Tena wameisafisha mikwaruzo ya sauti mpaka s na f zimeondoka nayo.

Ila... Hawks alitaka mwanzo na mwisho wa sentensi viwe vya kupoteza, kiini kikae katikati, ili waigizaji wapandiane bila kufichana. Basi hata kwa uchafu huu, Walter (Grant), mhariri wa gazeti, anapofoka kwenye simu aondolewe Hitler ukurasa wa kwanza lakini habari ya jogoo ibaki, huku mchumba Bruce akimbembeleza Hildy asiyeinua hata macho, nilicheka mpaka nikasahau hasira. Nyota tatu. Nne, nikikumbuka muuaji aliyefungiwa ndani ya dawati.

Tafuta Blu-ray, ile inakwenda fremu 24. Huna? Chukua hii hii, lakini maandishi ya chini zima kabisa.