Stendi ya mbao kwa tangi la samaki la lita 270: uzoefu wangu na fundi seremala wa Keko

Stendi ina miezi saba sasa. Jana nimeweka tena rula kwenye kioo, kona zote nne, na usawa wa maji hautofautiani hata milimita moja. Kwa hilo fundi huyu anastahili sifa, ndiyo maana nawaandikia wenzangu mnaofuga samaki wa mapambo.

Ya kwanza niliinunua dukani ikiwa tayari, ya chipbodi, inapendeza kweli. Lakini kila nikibadilisha maji yalidondoka kidogo, yakaingia kwenye kingo, chipbodi ikavimba kama mkate uliolowa. Usiku mmoja nikaona maji ya upande wa kushoto yamekaribia ukingo kuliko ya kulia, karibu sentimita nzima. Kona ilikuwa imedidimia. Niliwahamishia samaki wangu, mbuna, kwenye ndoo, nikanyonya maji kwa mpira mpaka alfajiri. Kioo hakikupasuka, namshukuru Mungu.

Piga hesabu kabla hujamwita fundi. Tangi langu ni sm 120 kwa 45 kwa 50, kioo cha mm 10. Kioo kitupu ni kilo kama 55. Maji yakijaa pomoni hayazidi kilo 270. Weka mchanga na mawe (mbuna ni samaki wa miambani kule Ziwa Nyasa, bila mawe hawatulii) na unavuka kilo 350. Ni kama watu wazima watano au sita wamesimama hapo usiku na mchana, hawaondoki.

Fundi nilimpelekea picha ya stendi ya runinga nikitaka anitajie bei. Akakataa mpaka aone chumba. Alikuja na mpira mwembamba unaoonyesha ndani, akautia maji, akashika ncha moja ukutani na mimi nyingine, tukazunguka pembe zote nne akiweka alama kwa penseli. Kisha akapima kutoka kila alama kwenda chini. "Dada, sakafu yako inakimbilia mlangoni." Ni kweli, ilimwagwa hivyo ili ukideki maji yatoke nje. Kwenye urefu wa tangi ilishuka mm 9. Hakutaka kusikia habari ya kuchomekea kadibodi. Miguu ya upande ule aliikata mirefu zaidi.

Mbao ni msonobari uliotiwa dawa, inchi mbili kwa nne. Mninga ungependeza ila bei yake siiwezi. Mbao alizilaza wiki mbili chini ya paa kabla ya kukata, kwa sababu za msonobari mara nyingi huuzwa mbichi na zikikaukia kwenye stendi zinajipinda. Kila mguu ni mbao mbili zilizobandikwa pamoja: fupi inabeba fremu ya juu, ndefu inaikumbatia isicheze. Kwa hiyo mzigo unashuka kwenye mbao mpaka sakafuni, skurubu na gundi zinashika tu. Nilipoisukuma kwa nyonga ikayumba kidogo. Alipopigilia plaiwudi mgongoni ikatulia kabisa.

Kilichonivutia zaidi ni nyuzi. Alivuta uzi mmoja kutoka kona hadi kona, na mwingine kwa kona zilizobaki, ukipita chini ya ule wa kwanza. Pale katikati zilitakiwa zigusane tu. Ukabaki mwanya wa kupitisha ukucha. Akapitisha randa kwenye kona iliyoinuka, akavuta tena, akapiga randa tena, mara tatu. Bila hivyo tangi hukalia kona tatu, kioo kikabeba msokoto wote na silikoni inayounganisha vioo ikaanza kuachia. Ndipo akafunga plaiwudi ya mm 18 juu, nami nikatandika povu jembamba, maana tangi langu halina fremu chini.

Malalamiko ninayo. Aliahidi wiki tatu, zikawa tano, na simu alikuwa hapokei. Ndani hakupaka vanishi, nimepaka mwenyewe mikono miwili, na kwa samani ya kukaa na maji hilo si jambo la kuachwa. Mlango una upana wa sm 30, filta yangu inaingia kwa kulazwa. Halafu stendi sasa ni ya ukuta ule ule. Mimi nimepanga, nikihama miguu itakatwa upya.

Mbao, plaiwudi, vifaa na ufundi vilinigharimu shilingi 310,000, na kirikuu ya kuibeba 20,000. Nilijaza theluthi ya tangi, nikaacha usiku kucha, nikapima asubuhi ndipo nikamalizia.

Sasa nimempa oda ya stendi ndogo ya tangi la sm 60. Filta yenyewe nimempelekea karakanani aipime kabla hajakata mlango.