Biofix kwenye mbegu za soya
Biofix, inayotengenezwa Kenya na kampuni ya MEA kutokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ni unga wenye bakteria hai wa rizobia, ambao hupakwa kivulini kwenye mbegu zilizoloweshwa kidogo kwa maji ya gundi, kisha mbegu hupandwa bila kucheleweshwa. Mzizi wa soya hutoa flavonoidi, yaani kemikali za kuwaita bakteria, nao hujibu kwa ishara yao, unywele wa mzizi hujikunja na kuwakumbatia, na hapo kinundu huota na kuanza kuigeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea.

Katika wiki ya sita niling'oa mche, nikapasua kinundu kwa ukucha: ndani kilikuwa chekundu kama nyama mbichi, rangi ya leghemoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya kinundu, nikajua kwamba kazi inafanyika. Nilifurahi mno.

Ukame ulipozidi, vinundu vilinywea, kwani kazi hiyo ya kugeuza naitrojeni ni miongoni mwa zinazodhoofika mapema mmea unapokosa maji. Pakiti yangu ya kwanza, iliyokuwa imeanikwa juani katika duka moja la pembejeo, haikutoa kinundu hata kimoja. Joto huwaua bakteria hawa. Nitainunua tena, ila kwa muuzaji anayeihifadhi mahali pa baridi.